Pua na Ulimi Havipimi Sumu

Ukizungumza na wazazi habari ya sumu zilizomo majumbani na mashuleni, majibu huja upesi, na kutoka Tanga hadi Kisumu mengi yanafanana. Wanaoyatoa si wajinga. Ni watu waliolea watoto na wajukuu, waliopika miaka na mikaka, na ambao kwa macho yao hawajamwona mtu aliyeanguka kwa sababu ya rangi ya ukutani au unga wa ugali. Kwa hiyo madai yao yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine. Kuyakemea hakutoshi.

Nitakayoyajibu hapa ni manane. Mengi yamezaliwa na kosa moja: kuipima sumu kwa pua, macho na ulimi. Kinachonuka huogopwa, kisichonuka huaminiwa. Lakini madini ya risasi hayana harufu, sumukuvu haina ladha, gesi ya mkaa haina rangi, na maji yenye floraidi nyingi yanaweza kung'aa kuliko ya bomba la mjini. Kinachotusaidia ni kujua kila sumu huingilia mlango gani, kisha kuufunga mlango huo.

Dai la kwanza: "Sisi tumekulia humu humu, mbona tuko wazima?"

Msemaji wa dai hili anasema kweli kuhusu nafsi yake. Kasoro ni kwamba tunamuuliza aliyebaki. Mtoto aliyekufa kwa nimonia akiwa na miezi minane hayupo barazani kutoa ushahidi, na nyumbani kwao huenda hakuna aliyewahi kuunganisha kifo kile na zile saa alizokuwa mgongoni mwa mama anayepuliza kuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yake zaidi ya 237,000 ni vya watoto wa chini ya miaka 5. Wengi wa wale wengine ni watu wazima waliokufa kwa kiharusi, moyo, mapafu yaliyochakaa na saratani ya mapafu. Hakuna cheti cha kifo kitakachoandika neno "kuni".

Tena uzima huo unapimwa kwa nini? Sumu nyingi za kila siku haziui. Risasi kidogo tu katika damu ya mtoto hupunguza uwezo wake wa kujifunza, kukumbuka na kutulia. Mtoto huyo atakua, atacheza mpira, ataoa au kuolewa. Njiani ataitwa mtukutu au mzito wa kichwa, na pengine atachapwa kwa hilo. Hakuna atakayejua kilichopungua kwake, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikipima.

Na mazingira yenyewe yamebadilika. Bibi alipikia kwenye banda la makuti lililoachia moshi utoke kila upande. Mjukuu wake anapikia mkaa uliowashwa kwa mfuko wa plastiki, ndani ya chumba kimoja cha matofali, dirisha limefungwa kwa hofu ya mbu na mwizi. Aliyekulia kule hawezi kuwa shahidi wa huku.

Dai la pili: "Mkaa ukishakolea hauna moshi, kwa hiyo hauna sumu."

Hili ndilo dai linaloua upesi kuliko yote. Msimu wa baridi ukifika Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, watu huliacha jiko nje mpaka mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, kisha huliingiza chumbani na kufunga mlango ili walale kwenye joto. Wanaamini wameshaitoa hatari nje. Kumbe kaa jekundu lisilotoa moshi ndilo linaloendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka huku mwili ukikosa hewa.

Dalili zake ni za udanganyifu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi. Mtu hudhani ni malaria, akajilaza zaidi. Watu wote wa nyumba moja wakiumwa kichwa usiku mmoja, na jiko limo ndani, hiyo si malaria. Fungua mlango na madirisha, watoe wote nje, kisha wapelekwe hospitali hata kama wameamka na kusema wamepata nafuu.

Kanuni haina msamaha: jiko la mkaa halilali ndani na watu. Halilali bwenini, halilali kwenye kibanda cha mlinzi wa shule, halilali kwenye chumba cha mama aliyejifungua eti mtoto asipigwe na baridi. Mtoto mchanga hupatiwa joto kwa kulazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa blanketi.

Kuhusu kuwashia jiko kwa plastiki, nako kuna sumu nyingine. Plastiki inayoungua hutoa moshi wenye kemikali zinazowasha mapafu, na zile za aina ya PVC, kama vipande vya mabomba na maganda ya nyaya, hutoa pia dioksini, ambazo zimethibitishwa kusababisha saratani. Vijiti vikavu, maganda makavu ya nazi au karatasi huwasha jiko vilevile. Na lile shimo la nyuma ya madarasa ambamo takataka huchomwa mchana, watoto wakiwa wanasoma, ni jiko la plastiki lililokuzwa tu.

Dai la tatu: "Risasi ni habari ya viwandani, sisi huku hatuna kiwanda."

Hata wenye kiwanda jirani walichelewa kujua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wake. Mwanawe alipougua, ilikuja kubainika kuwa ana risasi mwilini. Mama huyo akaacha kazi, akawakusanya majirani, na mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya. Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu hiyo, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ndivyo miaka inavyopita kati ya mtoto kuugua na haki kutamkwa. Kwa mzazi, somo la Owino Uhuru ni moja: kinga haisubiri hukumu.

Lakini tuseme kweli huna kiwanda jirani. Je, una fundi betri mtaani? Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, mahali ambapo watu walikuwa wakivunja betri za magari na kuchekecha udongo wake ili kupata risasi. Hapakuwa na bomba la moshi wala geti la kampuni. Palikuwa na uchochoro, nyundo na chekeche.

Na rangi? Rangi za mafuta zenye mng'ao, hasa nyekundu, njano na chungwa, kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa kutumia madini ya risasi, kwa kuwa hukoleza rangi na kuifanya idumu. Ndizo hizo hizo zinazopakwa kwenye bembea, milango, madawati na kuta za madarasa ya chekechea ili pachangamke. Rangi inapobabuka, hugeuka vumbi. Mtoto hukaa sakafuni, hushika, hulamba vidole. Kwa kiasi kile kile kilichoingia tumboni, mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa mtoto 1 kati ya 3 duniani, yaani karibu watoto milioni 800, ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu yake. Idadi kama hiyo haiwezi kutoka kwenye viwanda peke yake.

Ongeza sufuria za kusubu zinazotengenezwa kutokana na vyuma chakavu. Aliyeyeyusha hajui ndani mwake mlikuwa na nini, na sufuria za aina hiyo zilipopimwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikutwa zikiachia risasi kwenye chakula. Vitu vichachu kama nyanya, ndimu na ukwaju huzidisha kuachia huko. Kama huna nyingine, itumie kuchemshia vitu visivyo vichachu, na usilaze mchuzi humo usiku kucha.

Shule nyingi hupaka rangi wakati wa likizo, na hilo ni jema. Kosa hufanyika pale fundi anapokwangua rangi kuukuu kwa msasa mkavu, kisha sakafu ikafagiwa na wanafunzi siku ya kufungua. Rangi kuukuu hukwanguliwa ikiwa imeloweshwa, na sakafu hupigwa deki kabla mtoto yeyote hajaingia. Kamati ya shule inaponunua rangi mpya, imtake muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba risasi iliyomo haizidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa na kinachotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Fundi betri, mchomeleaji na mpiga rangi nao wabadilishe nguo na kuoga kabla ya kumpakata mtoto.

Dai la nne: "Moto unaua kila kitu."

Moto huua vijidudu. Kinachokufa ni kile chenye uhai. Risasi, floraidi na sumukuvu hazina uhai wa kupoteza.

Tuanze na maji. Kuanzia Arusha na Meru hadi Nakuru, ardhi ya volkano huachia floraidi kwenye visima na chemchemi. Ukilichemsha birika la maji hayo kwa muda mrefu, maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki yote, hivyo kilichosalia ni kikali zaidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka taratibu ndani ya fizi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyasugua yakatoka. Yakizidi zaidi, kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda. Dawa ni kubadili chanzo cha maji ya kunywa na kupikia: maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, na chujio la mkaa wa mifupa, ambalo limefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha, huinasa. Maji ya kuoga na kufulia yanaweza kubaki yale yale. Na maji ya mvua bado yachemshwe, maana kwa vijidudu moto haujapoteza kazi yake.

Sasa unga. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania iliona jambo hilo hilo: watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Wote walikula chakula kilichopikwa kikaiva. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu, na joto la sufuria ya ugali haliivunji. Inapokuwa nyingi huua ini kwa siku chache. Inapokuwa kidogo kila siku huleta saratani ya ini, na hatari hiyo huongezeka mara nyingi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya homa hiyo anayopewa mtoto kliniki, kwa hiyo, ni sehemu ya kinga dhidi ya unga mbaya.

Hapa mlango hufungwa mapema, shambani na ghalani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasigusane na udongo. Yakauke mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Magunia yapangwe juu ya vichanja, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga, punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu zichambuliwe, maana sumu nyingi hukusanyika kwenye punje chache. Kukoboa nako hupunguza. Dona ni chakula bora kama mahindi ni bora. Kwa mahindi ya mashaka, dona hubeba na sumu ya pumba. Punje zilizotupwa zisiende kwa kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu humdhuru mnyama na sehemu yake humrudia mwenye mifugo ndani ya maziwa. Wala zisiende kwenye pombe. Shule zinazolisha watoto mia kadhaa kutoka ghala moja zina wajibu mkubwa zaidi: gunia moja lililolowa linaweza kuwafikia wote kwa mlo mmoja.

Dai la tano: "Cha asili hakidhuru."

Tumetoka kuona kuvu na maji ya volkano, na hakuna cha asili kuliko hivyo. Moshi wa kuni nao ni wa asili. Lakini dai hili lina makao yake hasa katika mambo mawili tunayoyaheshimu.

La kwanza ni wanja. Katika pwani yetu mtoto mchanga hupakwa wanja machoni au kwenye paji la uso, kwa urembo na kwa kumkinga na kijicho. Wanja wa masizi ni kitu kimoja. Wanja wa jiwe ni kingine: jiwe linalosagwa mara nyingi ni galena, ambayo ni madini yenyewe ya risasi. Mtoto hujifuta macho, kisha hunyonya vidole. Anayetaka kuendeleza desturi anaweza kuiendeleza bila jiwe hilo.

La pili ni udongo wanaokula wajawazito, unaouzwa sokoni ukiwa umekaangwa na kufungwa vizuri. Udongo hubeba kilichomo ardhini ulikochimbwa, na risasi anayoimeza mama hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, hivyo dada au shemeji anayeutafuna kila siku asichekwe. Aende kliniki akapimwe damu na kupewa vidonge vya madini ya chuma.

Dai la sita: "Maziwa huvunja sumu."

Fundi rangi hunywa maziwa baada ya kazi, mchomeleaji hunywa, na mtoto akibugia mafuta ya taa kitu cha kwanza kutafutwa ni maziwa. Kuna punje ya ukweli hapa. Mtoto anayekula vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, yaani dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa, hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Hiyo ni kazi ya chakula bora cha kila siku. Glasi moja ya jioni haiifuati risasi iliyokwisha ingia kwenye damu, wala haisafishi mapafu, maana maziwa huenda tumboni na moshi huenda kifuani.

Kwa mafuta ya taa, dai hili ni la hatari. Mafuta hayo huleta madhara makubwa zaidi yakiingia kwenye mapafu, na huingia hasa mtoto anapotapika. Usimtapishe, usimtie kidole kooni, usimlazimishe maziwa wala mafuta ya kula. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Na chupa hiyo isiwe ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, anajua umbo la chupa.

Ndugu wa dai hili ni zile dawa za "kutoa sumu mwilini" zinazotangazwa redioni na kwenye makundi ya WhatsApp. Ini na figo ndizo zinazofanya kazi hiyo, na hakuna chai inayofanya zaidi yake. Risasi ikishafika kwenye mifupa hukaa humo kwa miongo. Zipo dawa za kuiondoa kwa mgonjwa aliyezidiwa, na hutolewa hospitalini baada ya damu kupimwa, huku chanzo chenyewe kikitafutwa. Kumpa mtoto dawa na kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure.

Dai la saba: "Kikiuzwa dukani kimeshapimwa."

Ingekuwa hivyo, maofisa wasingekuwa wanachoma shehena za vipodozi vilivyokatazwa. Krimu za kujichubua, maarufu kama mkorogo, baadhi yake huwa na zebaki, na zebaki hiyo haishii kwa aliyejipaka. Huhamia kwenye taulo, shuka na mikono, hadi kwa mtoto anayelala kitanda kimoja na mama, na huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulizuia vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuviondoa vyote ifikapo 2025. Hata hivyo soko lina mlango wa nyuma. Ukikuta kopo lisilo na orodha ya viambato, au linaloonya kwamba krimu isigusane na vito vya dhahabu na fedha, liache hapo hapo.

Dawa za wadudu nazo ni hivyo hivyo. Kiuatilifu halali kina lebo yenye jina la dawa, namba ya usajili na maelekezo. Kile kinachopimwa kwa kifuniko na kumiminwa kwenye chupa ya maji hakina chochote kati ya hivyo. Dawa ya shambani haina nafasi bwenini hata kunguni wakizidi: magodoro yaanikwe juani, nguo na vyandarua vifuliwe kwa maji ya moto, nyufa zizibwe, na anayepuliza awe mtaalamu anayetumia dawa ya majumbani, wanafunzi wakiwa nje.

Na pua inatudanganya mara ya mwisho chooni. Harufu kali tunaiita usafi, kwa hiyo wapo wanaochanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi ili "ikaze". Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Jiki ikikutana na mkojo mwingi hutoa gesi nyingine inayochoma koo na mapafu. Mwaga maji kwanza, tumia kimoja tu, fungua dirisha, na usimpe kazi hiyo mwanafunzi wa darasa la tatu kama adhabu.

Dai la nane: "Haya ni mambo ya wenye pesa."

Hesabu mwenyewe yale niliyotaja. Kuliacha jiko nje hakugharimu kitu. Kupiga deki badala ya kufagia vumbi kavu ni ndoo ya maji. Kunawa mikono kabla ya kula, kuchambua mahindi, kuhamisha mafuta ya taa kwenye dumu lenye kifuniko na kuliweka juu, kuacha kuchoma plastiki, kubadilisha nguo za kazi mlangoni: hayo anaweza mpangaji wa chumba kimoja leo hii. Maskini ndiye anayeyahitaji zaidi, kwa sababu gharama ya hospitali humwangukia bila bima.

Mengine kweli yanamzidi mtu mmoja. Gesi ya kupikia ina bei yake, maji safi ni kazi ya mamlaka, na rangi yenye risasi haizuiliwi na mama wa nyumbani. Lakini kumzidi mtu mmoja hakumaanishi kushindikana. Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Shule yenye wanafunzi 400 na jiko la kuni lililojaa masizi inapaswa kuulizwa imefikia wapi.

Anayedhani maagizo kama hayo huishia kwenye makaratasi akumbuke petroli. Tangu miaka ya 1920 risasi ilitiwa kwenye petroli, na kila gari lililopita liliimwaga hewani na kwenye vumbi la barabara ambamo watoto walicheza. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia huko Dakar kuiondoa. Mwaka uliofuata ilianza kampeni iliyoendeshwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Kufikia Januari 2006 nchi hizo zilikuwa zimeacha petroli ya risasi, na Julai 2021 Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuzia magari, nayo ikaacha. Kazi hiyo haikusubiri tutajirike kwanza.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kikao kijacho cha wazazi kisiishie kwenye sare na michango. Simama uulize mambo manne. Mahindi ya watoto yanahifadhiwa wapi, na nani anayachambua? Rangi iliyonunuliwa ina uthibitisho wa kiwango cha risasi? Takataka zinachomwa wapi, na saa ngapi? Bwenini kunapulizwa dawa gani? Ukikosa jibu kwa lolote, liandikwe kwenye muhtasari na apewe mtu wa kulifuatilia kwa tarehe iliyotajwa.